Ukitaka Kukaa, Uwe na Manyoya

Tausi alipopiga ukelele wa kwanza juu ya bati, Bi Inell Kemp alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anamsubiri. Alimjua yule dume kwa sauti. Wenzake walilia kama paka aliyebanwa na mlango. Huyu alilia kama mwombolezaji wa kulipwa, tena aliyelipwa vizuri.

"Lia, baba," Bi Inell aliiambia dari. "Lia tu. Serikali iko na wewe."

Na kweli ilikuwa naye. Katika mji wa Tamarind Grove, huko kusini mwa Florida karibu na Miami, tausi wa mitaani alikuwa raia wa daraja la kwanza. Hakuna aliyejua vizuri walifikaje. Wengi walisema kuna tajiri mmoja wa zamani aliwaleta wampambie bustani, akafilisika, akaondoka na viti akaacha ndege. Ndege wakazaana. Sasa walivuka barabara kama mawaziri, magari yamesimama pande zote mbili, na hakuna aliyethubutu kupiga honi, kwa sababu honi inatisha na kutisha ni kosa. Sheria ilikataza kumkamata tausi, kumfukuza, kumrushia kitu, na, kipande hiki Bi Inell alikuwa nacho kichwani neno kwa neno, "kumsumbua kwa namna yoyote anapopumzika." Kwamba Bi Inell naye ana mahali anapopumzika, tena hapo hapo chini ya kucha za huyo ndege, waandishi wa sheria walikosa nafasi ya kuliweka. Karatasi labda iliisha.

Alivaa kandambili, akachukua ufagio wa njukuti, akatoka uani.

Ua wa Bi Inell haukuwa na nyasi hata moja. Nyasi ni za watu wasiojua kufagia. Bibi yake alitoka nao utaratibu huo Eleuthera, visiwani Bahama, pamoja na sufuria moja na hasira: ardhi tupu, nyeupe, imefagiwa kila asubuhi kwa mkono wa kuzunguka mpaka michirizi ya ufagio inajipanga kama pepeo za kanisani. Ukipita, nyayo zako zinaonekana. Wabahama wote wa mtaa ule walifagia hivyo, zamani mtaa ulipokuwa wa Wabahama. Wao ndio waliojenga nyumba zile za mbao, wakati matajiri bado wanaogopa mbu. Siku hizi mbu wamepigwa dawa na matajiri wamekuja.

Juu ya michirizi ya jana kulikuwa na nyayo za vidole vitatu, zimetoka getini hadi kwenye mbaazi zake, na kutoka kwenye mbaazi hadi kwenye ngazi, ambapo mwenye nyayo aliacha shukrani zake. Rundo. Kubwa, la kijani, bado linatoa mvuke.

Miaka michache nyuma Bi Inell alichukua mpira wa maji akamlowesha mmoja wao. Alimlowesha kwa raha sana, kuanzia kishungi hadi mkia. Kumbe ng'ambo ya barabara Bi Marguerite Whitcomb, mama wa jumba la kule ufukweni, alikuwa anapita na darubini yake, akamripoti. Bi Inell akaitwa ofisini, akasomewa sheria, akapigwa faini na kupewa kijitabu chenye picha: *Kuishi kwa Amani na Jirani Yako Mwenye Manyoya.*

Tangu siku hiyo hakukosa mkutano wa baraza la mji. Kila mwananchi hupewa dakika mbili za kusema, halafu kengele inalia. Kila mwezi Bi Inell alizitumia zake zote mbili kwa tausi. Alikuja na picha za kinyesi. Alikuja na kinyesi. Alichapisha mabango, TAUSI WAONDOKE, akayasimika kando ya barabara, na tausi wakayakalia. Madiwani mwanzoni walimcheka, baadaye wakamzoea, na mwisho, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa unakaribia na wapiga kura wengine nao walikuwa na magari yaliyodonolewa, wakaanza kutikisa vichwa kwa huzuni alipokuwa anasema. Hoja ya kufuta ulinzi wa tausi ikapangwa kupigiwa kura katika mkutano uliokuwa unafuata.

Alikuwa ameshinda. Ilibaki kelele za kushangilia tu.

Basi wiki hiyo hiyo ndiyo akaja Trent Hollister.

Alikuja na gari jeusi linalong'aa kiasi cha kujitazamia meno, akaliegesha mbele ya geti. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, amevaa shati la wavuvi ambalo halijawahi kuona samaki. Kwapani alishika bango limeviringishwa.

"Bi Kemp! Nimesikia habari zako nyingi."

"Za kweli ndizo mbaya zaidi," Bi Inell alijibu kutoka kibarazani. "Karibu. Pita pembeni, nimefagia."

Hakupita pembeni. Alikatiza katikati ya ua na viatu vyake, akapanda ngazi, akakunjua bango. Ilikuwa picha ya nyumba nyeupe ya mraba, kubwa, bila paa la maana, kama kipande cha sukari alichosahau mtu. Mtaa ulikuwa umeshajaa vipande hivyo. Na mbele ya nyumba, amefungua mkia wote, alichorwa tausi. *Makazi ya Tausi*, maandishi ya dhahabu.

"Tunaheshimu roho ya mtaa," Trent alisema.

"Roho ya nani?"

"Ya mtaa."

"Aa. Na mwili wake je?"

Trent alicheka kwa adabu, akaeleza. Mzee Pinder, mwenye nyumba, si alifariki? Basi mrithi wake, Ormond, yule anayeishi Atlanta, amekubali kuiuza kwa kampuni. Bei nzuri. Mambo yote yako tayari, bado kibali cha kubomoa tu kutoka ofisi ya mji, halafu kampuni inanunua, tingatinga linakuja. Bi Kemp ajiandae. Kampuni inatambua amekaa muda mrefu, kwa hiyo imemletea zawadi.

Zawadi ilikuwa kikombe. Kimechorwa tausi.

Bi Inell alikishika kwa vidole viwili. Katika nyumba hiyo aliingia akiwa bi harusi. Marehemu mumewe Cephas, fundi seremala, ndiye aliyebadilisha kila ubao wa sakafu kwa mikono yake, na mzee Pinder akasema kwa maneno ya mdomo, "Inell, hapa ni kwako mpaka ufe." Sasa aliyekufa alikuwa mzee Pinder, na maneno ya mdomo yakaenda na mdomo wake.

Ko! Ko! Ko!

Wote wawili waligeuka. Yule dume wa batini alikuwa ameteremka, amejiona ubavuni mwa gari jeusi, na hakupenda alichokiona. Alirudi nyuma hatua mbili, akamrukia adui yake kwa mdomo na kucha.

"Hei! Shuu! Toka!" Trent alikimbia akipunga bango.

"Usimsumbue, mwanangu," Bi Inell aliita. "Anapumzika."

"Hapumziki, ananidonolea gari!"

"Kila mtu na starehe yake. Bi Whitcomb huwa anapita saa hizi na darubini. Mimi nakwambia kwa wema tu."

Trent alishusha bango. Alisimama pale mikono kiunoni, akiangalia mali yake ikitobolewa na roho ya mtaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Inell kumwangalia tausi kwa zaidi ya dakika moja bila kumtukana.

Jioni alikuja Delancy, mtoto wa kaka yake. Delancy alisoma sheria karibu yote, akaacha mwaka wa mwisho kwa sababu ambazo hubadilika kila anapozieleza, na tangu hapo alikuwa mwanasheria kasoro mtihani. Aliendesha gari la kupeleka vifurushi, na hakuna kifurushi alichokabidhi bila ushauri wa bure.

Alikula wali wa mbaazi sahani mbili, akasikiliza, akafuta mdomo.

"Shangazi, nikupe habari nzuri au mbaya?"

"Nipe sahani nikaoshe."

"Mbaya: mpangaji asiye na mkataba katika jimbo hili ana haki kama za mbu. Nzuri: tausi si mbu." Alitoa simu, akasoma kwa sauti ya mahakamani. "'Hakutakuwa na ujenzi wala ubomoaji katika kiwanja chochote chenye kiota cha tausi, na hakuna mtu atakayegusa kiota hicho wala yai lake, mpaka yai la mwisho liwe limeanguliwa.' Unaona? Tausi jike akitaga hapa uani, kibali hakitoki. Kibali kisipotoka, kampuni hainunui. Isiponunua, Ormond anabaki na nyumba yake na mpangaji wake, na anaendelea kula kodi huko Atlanta kama kawaida."

Bi Inell aliichukua sahani yake mezani.

"Yaani mimi nimkaribishe yule firauni atage kwangu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na sheria yenyewe nimeshaiua. Inapigiwa kura mwezi huu."

"Ndiyo, Shangazi. Kazi nzuri sana uliyoifanya. Mji mzima unakusifu."

Angemtupia sahani, lakini ilikuwa ya harusi.

Tatizo la kwanza lilikuwa ufagio. Tausi jike hatagi mahali peupe. Anataka majani makavu, magugu, uchafu wa heshima, ajifiche humo. Na Bi Inell alikuwa na ua safi kuliko yote katika wilaya. Kwa hiyo kesho yake alfajiri alitoka nje, akaushika ufagio, akauangalia, akaurudisha nyuma ya mlango. Alirudi ndani akakaa. Mikono haikujua pa kwenda. Aliosha vikombe safi.

Majani ya mparachichi yalidondoka, yakaachwa. Upepo ukaleta ya majirani, yakakaribishwa. Siku zikapita, magugu yakatoa vichwa kwa woga, kama watu walioingia nyumba isiyo yao, halafu wakaona hakuna anayesema kitu, wakaita ndugu zao.

Mtaa ulishtuka. Bi Verlene, shoga yake wa kanisani, alikuja mbio na sufuria ya supu ya kuku ya ndimu na pilipili mbuzi.

"Shoga, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi ni wewe. Nimepita nikaona majani. Nikasema, Bwana wangu, Inell amekata kauli. Unaumwa wapi? Niambie ukweli, nina nguo nyeusi kwa dobi."

"Naacha majani kwa makusudi, Verlene."

Bi Verlene alimwekea kiganja kwenye paji la uso. "Joto huna. Basi ni kichwa."

Jumapili mchungaji alimtaja katika maombi ya wagonjwa. Jumatatu alikuja mwenyewe na mafuta ya upako. Bi Inell alipakwa, akasema amina, akamuomba kwa heshima akitoka asipite kwenye majani, anayavuruga.

Na tausi? Tausi jike walipita getini, wakachungulia, wakaenda kutaga kwa Bi Whitcomb penye bustani ya kulipiwa.

"Miaka yote nawafukuza wanakuja," Bi Inell alimwambia Delancy. "Nimewaalika, wanajivuna. Hata dhambi zina adabu kuliko hawa."

Ndipo akakumbuka kuku wa mama yake. Kuku mbishi, anayetaga ovyo kwa majirani, mama alikuwa anamwekea yai la uongo mahali anapotaka atage. Kuku akiona yai, anaamini mwenzake ameshaikagua nyumba. Bi Inell alikwenda kwenye kapu la kushonea akatoa mayai manne ya mti. Cephas aliyachonga wakati wa uchumba wao, kumfurahisha mama mkwe, na mama alipokufa na kuku wakaisha, Bi Inell aliyatumia kuingiza ndani ya soksi wakati wa kuzitia viraka. Yalikuwa mazito, laini, yamekaa mkononi kama vile yanamjua.

Delancy aliyapaka rangi ya maziwa iliyobaki ya kibaraza, tabaka mbili.

"Ningekuwa tausi," alisema, akiinua moja juu, "ningelia machozi."

Wakayapanga kwenye majani chini ya mparachichi, karibu na sanduku la mabango yaliyobaki. Bi Inell alimwaga pembeni chakula cha paka, maana mtaa mzima unajua tausi akisikia harufu ya chakula cha paka anasahau uzao wake. Siku mbili baadaye alichungulia dirishani akaona kichwa kidogo cha kahawia na shingo ya kijani, kimetulia juu ya majani, kimeegemea TAUSI WAONDOKE.

Jike alikuwa ametaga yake matatu katikati ya manne ya Cephas, na alikuwa anayaatamia yote saba bila ubaguzi.

"Karibu, malaya," Bi Inell alinong'ona kwenye pazia.

Delancy aliripoti kiota kwa simu, kama sheria inavyotaka. Afisa wa mji, kijana mmoja mpole anaitwa Ocasio, akaja akasimama nje ya geti, maana hata yeye haruhusiwi kusogea, akaangalia kwa darubini, akafunga utepe wa njano. Trent alipiga simu akitukana. Na Bi Marguerite Whitcomb alikuja mwenyewe kwa miguu, na kipini cha tausi kifuani, na macho yamelowa.

"Nilijua," alisema, akimkumbatia Bi Inell ambaye hakuombwa ruhusa. "Siku zote nilijua ndani yako kuna upendo."

"Uko ndani sana."

"Na hivi ulivyoacha bustani irudi kwenye hali yake ya asili! Inapendeza sana."

Mwaka uliopita, kwenye mtaa huo huo, familia tatu zilitolewa na nyumba zao zikavunjwa kabla ya chakula cha mchana. Bi Verlene alikwenda jumba hadi jumba akiomba watu waje barazani kusema neno. Bi Whitcomb siku hiyo alikuwa na wageni. Sasa alifungua pochi akatoa kalamu.

"Wanataka kufuta ulinzi. Kura ni Alhamisi. Niachie mimi, mpenzi. Tutaujaza ule ukumbi."

Na kweli aliujaza. Alhamisi hapakuwa na pa kusimama. Marafiki wa Tausi, chama cha Bi Whitcomb, walikuja na mishumaa, watoto waliovishwa manyoya, na mtu mmoja mwenye filimbi. Kulikuwa na watu ambao Bi Inell hakuwahi kuwaona mtaani isipokuwa nyuma ya vioo vya gari.

Trent alisema kwanza. Ilionekana kwamba roho ya mtaa imemtoka. Alizungumzia usalama wa watoto, maradhi, na kelele. Halafu akawaomba wasikilize sauti ya mwananchi wa kawaida, akabonyeza kitufe, na ukumbi mzima ukamsikia Bi Inell Kemp wa mwezi uliopita, kwa sauti kubwa na safi: "Ndege hawa ni majambazi waliovaa vizuri, na nyinyi ndio mawakili wao!"

Watu wakageuka. Bi Verlene akajifunika uso na pochi.

Meya Fundora, ambaye alikunywa kahawa vikombe vidogo vidogo tangu mkutano unaanza na sasa alikuwa anatetemeka kidogo, alitabasamu. "Bi Kemp, mbele yako karibu. Kabla hujasema, baraza lina furaha kukutunuku cheti cha Mwananchi Mvumilivu, kwa juhudi zako za miaka yote hii za kuondoa tausi. Hoja ya leo ni matunda yako."

Makofi machache yakapigwa, yakajishtukia, yakakoma. Bi Inell alipokea cheti. Kilikuwa na fremu. Alikiweka kifudifudi mezani, akavuta kipaza sauti.

"Sauti hiyo ni yangu," alisema. "Sibadilishi hata neno. Siwapendi. Wananinyea mlangoni, wanakula mbaazi zangu, na yule mmoja wa batini Mungu anamjua kwa jina. Lakini nimekaa nikasoma ile sheria yenu vizuri, na lazima niwapongeze. Ni sheria nzuri mno. Inasema kiumbe akishakuwa na nyumba yake, amekaa ametulia, haruhusiwi mtu kuja na tingatinga kumwondoa. Inasema asitishwe. Inasema asisumbuliwe anapopumzika. Mimi nilisoma nikalia. Nikajiuliza, ni nani huyu aliyependwa hivi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Mwaka jana walivunjiwa kina Rolle, wakavunjiwa kina Sands, akavunjiwa hata bibi kizee Albury na mashine yake ya kupumulia. Humu ukumbini tulikuwa watu sita na mlinzi. Leo nawaona wote mmekuja, na mishumaa. Asanteni. Mmependeza. Kosa la bibi Albury nimelijua sasa. Hakuwa na mkia."

Bi Whitcomb alikuwa ameshika kile kipini chake kwa mkono wote, kama kimeanza kuchoma.

"Kwa hiyo, Meya, naomba kuiondoa hoja yangu. Sheria iacheni. Ndiyo nyumba pekee iliyobaki yenye nafasi, na mimi nimeingia kwa mlango wa nyuma, nyuma ya ndege. Mkimtoa yeye, mnanitoa na mimi. Na mkiona aibu kunitoa mimi, msijali, mlishazoea. Oneeni aibu ndege."

Kengele ikalia. Bi Verlene akapiga makofi, akafuata Delancy kwa miluzi isiyo ya mahakamani, na Marafiki wa Tausi, baada ya kutazamana, wakaamua kwamba wamesifiwa, wakasimama wote. Filimbi ikapigwa.

Madiwani waliangalia ukumbi. Walihesabu vichwa, na vichwa vilikuwa vya watu wanaochangia kampeni. Hoja ikaanguka bila hata mmoja kuinua mkono. Diwani aliyeitunga alisema daima amekuwa mpenzi wa ndege.

Nyumbani, jike alikuwa bado amelala juu ya mayai yake na ya Cephas. Bi Inell alimpitia mbali, akaingia kwa mlango wa jikoni. Alipigilia msumari ukutani, akatundika cheti, kikiangalia ukuta.

Vifaranga walitoka asubuhi moja ya mvua, watatu, wa kahawia, wamesimama kwa miguu yao kabla hata hawajakauka. Kesho yake mama yao aliwakusanya, akawapitisha getini chini ya utepe wa njano, akaenda zake. Hakugeuka. Hakuaga. Kula amekula.

"Nilijua," Bi Inell alisema dirishani. "Nilijua tu ana asili hiyo."

Trent alijua pia, maana alikuwa amemlipa mtu awe anapita kuangalia. Saa nne kamili tingatinga lilikuwa limeshashushwa barabarani, na yeye mwenyewe mbele na lile gari jeusi, safari hii amelivalisha turubai. Afisa Ocasio alikuja nyuma yake na darubini.

"Wameondoka," Trent alisema. "Nimeona video. Kata huo utepe, nipe kibali changu."

"Subiri, bwana. Sheria inataka nithibitishe." Ocasio aliinua darubini. Aliangalia. Akarekebisha. Akaangalia tena, midomo inahesabu. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Bado mayai manne."

"Jike ameondoka!"

"Sheria haisemi jike. Inasema yai la mwisho. Hapa nina ya mwisho manne."

"Basi yameoza! Nenda kayaangalie!"

"Hakuna mtu atakayegusa kiota wala yai lake," Ocasio alisoma kwa upole. "Na 'mtu' ni pamoja na mimi, bwana. Nilishauliza ofisini."

Trent alimwangalia Bi Inell, aliyekuwa amekaa kibarazani akinywa chai kwenye kikombe chenye tausi. Kikombe kizuri, kinashika joto.

"Bi Kemp. Wewe unajua hayo mayai yataanguliwa lini."

"Mimi? Mimi mpangaji tu." Alipuliza chai. "Lakini watoto wa siku hizi, mwanangu, hawataki kutoka nyumbani. Delancy alikaa kwa mama yake mpaka akaota kipara."

Ocasio aliinamisha kichwa kuandika kitu, na mabega yake yakatikisika kidogo, labda kwa kikohozi. Mbele ya geti yule dume wa batini alikuwa ameteremka. Alizunguka gari mara moja, akapata mahali turubai limepanda juu kidogo, penye rangi nyeusi inayong'aa, akachungulia. Akarudi nyuma hatua mbili.

Trent hakumfukuza. Bi Whitcomb alikuwa ng'ambo ya barabara na darubini.

Tingatinga lilipopakiwa na kuondoka, Bi Inell alishuka ngazi. Alichukua ufagio nyuma ya mlango, mkono ukaufurahia. Alianzia getini, taratibu, kwa mzunguko, akafuta alama za matairi, akafuta nyayo za viatu vya Trent, akafuta nyayo za vidole vitatu, mpaka ardhi ikawa nyeupe na michirizi ikajipanga kama pepeo. Alipofika chini ya mparachichi alisimama pale sheria inaposimama. Duara la majani akaliacha lilivyo, na katikati yake mayai manne ya Cephas, yamekaa.

Moja lilikuwa limeanza kubambuka rangi. Bi Inell alitazama barabarani upande huu na upande ule. Halafu akaivunja sheria kwa kidole kimoja, akaligeuza upande wa pili.